Kazi ya Kusafisha Ardhi Iliyoingia Sumu: Kijana wa Pwani Aingilie Mlango Gani?

Mamangu akiulizwa na majirani pale Majengo, Mombasa, mwanawe yuafanya kazi gani Nairobi, hujibu kwa maneno mawili: "Yuachimba udongo." Wapo walioamini kwamba natafuta dhahabu. Ukweli ni kwamba natafuta sumu. Natoboa shimo jembamba, natia udongo kwenye chupa, naandika nambari na kina, napeleka maabara, kisha nawaambia wenye kiwanja kama watoto wataweza kucheza hapo au la.

Nimeandika makala haya kwa sababu mpwa wangu alinipigia simu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. "Mjomba, hiyo kazi yako husomewa wapi?" Nilipoanza kumjibu nikajikuta nazunguka, maana kazi hii haina mlango mmoja. Mmoja huingia kwa jiolojia, mwingine kwa uhandisi, mwingine kwa kemia, mwingine kwa afya ya jamii. Mimi ni mtu wa jiolojia. Nikamwambia nitamwandikia, na nikaona heri niwaandikie na wenzake wote, kwa kuwa Pwani yetu ina ardhi ya kusafishwa na vijana wetu wanaojua kuisafisha ni wachache.

Tuanze na jambo ambalo kila msomaji wa Mombasa analijua. Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 karibu na Mikindani, ulipakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido aliajiriwa humo kama afisa wa uhusiano na jamii, na kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kusimamia ripoti ya athari kwa mazingira. Mwanawe mchanga akaugua. Damu yake ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanzisha shirika la Center for Justice, Governance and Environmental Action, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Kesi ilifunguliwa 2016. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Fedha hizo ndizo zilizoandikwa kwenye magazeti. Ila hukumu ya 2020 ilikuwa na sehemu ya pili isiyozungumzwa sana barazani: udongo na maji ya pale yasafishwe ndani ya miezi minne, na isipofanywa hivyo, shilingi milioni 700 zilipwe ili kazi ifanyike. Hadi Mahakama ya Juu inatoa uamuzi wake mwisho wa 2024, miaka kumi baada ya moto wa kiwanda kuzimwa, udongo ulikuwa ungali vilevile.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Fidia humfikia mtu. Hailigusi vumbi la uani kwake. Risasi haiozi, haivukizi, wala mvua haiimalizi. Hukaa juu juu ya ardhi, katika sentimita chache ambazo ndizo mtoto anazozichezea, kisha hutia kidole kinywani. Ukimtibu mtoto hospitali ukamrudisha kwenye ua uleule, umefanya kazi bure. Walijifunza hilo Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, ambako mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa, lakini walisubiri ua usafishwe kwanza ndipo mtoto wa nyumba ile aanze matibabu. Daktari alimngoja mtu wa jembe.

Kazi yenyewe inavyoanza

Naishi Woodley, magharibi ya Nairobi, hatua chache kutoka Barabara ya Ngong. Ni mtaa wa enzi za ukoloni uliopewa jina la meya wa zamani wa mji, na baadhi ya karatasi za kaunti huuita Joseph Kang'ethe, kwa jina la aliyekuwa kiongozi wa Kikuyu Central Association. Upande mmoja una Adams Arcade, upande mwingine Soko la Toi na Kibera. Ukishuka bondeni hufiki mbali kabla ya kuliona Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambalo wazee husimulia kwamba watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga humo. Leo limejaa matope, gugumaji na takataka. Kwa mtu wa Pwani aliyezoea kuona bahari kila asubuhi, lile bwawa ni huzuni tupu.

Nawaeleza haya kwa sababu Woodley ni mfano mzuri wa nusu ya pili ya fani hii. Nusu ya kwanza ni kusafisha sumu. Nusu ya pili ni kuvihuisha viwanja ambavyo vimekwisha kutumika: kiwanda kilichofungwa, gereji, bohari ya mafuta, jaa lililojaa, mtaa mkongwe. Kaunti ya Nairobi imeiweka Woodley katika mitaa yake ya kale inayotakiwa kuvunjwa na kujengwa upya kwa maghorofa, pamoja na mitaa kama Pangani na Jeevanjee. Wakazi wamekwenda mahakamani, wapangaji wamelalamika, wanasiasa wamesema yao. Mimi nikipita pale nauliza swali dogo la kifundi: kabla ya nyumba kusimama, na katika miaka yote tangu hapo, nini kimemwagwa ardhini?

Swali hilo ndilo hatua ya kwanza, na halihitaji hata jembe. Hufanywa mezani. Unatafuta ramani za kale, picha za angani, faili za mji, hati za umiliki. Unazungumza na wazee. Mzee mmoja wa Kinubi wa Kibera, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, aliwahi kunionyesha kwa fimbo yake mahali palipokuwa na tangi la dizeli. Halikuwamo katika ramani yoyote niliyokuwa nayo. Tulipotoboa, harufu ilitoka kabla ya udongo.

Baada ya hapo hujengwa kile tunachokiita picha ya kiwanja. Ina vitu vitatu: chanzo cha sumu, njia yake, na mpokeaji. Chanzo ni kama tangi linalovuja. Njia ni maji ya chini, vumbi, au mvuke unaopenya sakafu ya nyumba. Mpokeaji ni mtoto, kisima, mto, mboga za sukumawiki zilizopandwa kando ya mto. Ikikosekana mojawapo, hakuna hatari ya haraka. Nusu ya ubingwa wa kazi hii ni kujua ni ipi kati ya tatu hizo inayokatika kwa gharama ndogo. Mara nyingine unaondoa chanzo. Mara nyingine unaziba njia kwa kufunika udongo safi na saruji. Mara nyingine unasema wazi kwamba hapa pawe maegesho ya magari, pasiwe shule ya chekechea.

Ndipo huja sampuli. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo vijana wengi huanzia na ndipo ripoti nyingi huharibikia. Kiwanja hugawanywa miraba. Kila mraba hutolewa udongo wa juu na wa chini, kila chupa na jina lake, kina chake, saa yake, na saini ya kila mkono ulioipokea hadi maabara. Mnyororo huo wa saini ukikatika, wakili wa upande wa pili ataitupa kazi yako nje mahakamani kabla ya chai ya saa nne. Jembe huoshwa baada ya kila shimo, la sivyo unachukua sumu ya shimo la kwanza na kuipandikiza kwenye la pili. Kwa metali kama risasi tuna mashine ya mkononi ya eksirei, mfano wa bastola kubwa, inayokupa jibu papo hapo. Lakini jibu lake huthibitishwa na maabara iliyoidhinishwa. Ukiwa na matokeo unayalinganisha na vipimo. Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa ua wa nyumba, na mwaka 2024 ikakishusha kipimo hicho hadi 200. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kisha ndiyo tiba. Mafuta yana bahati moja: bakteria huyala. Udongo uliolowa dizeli waweza kurundikwa juu ya turubai nene, ukatifuliwa, ukapewa hewa, maji na mbolea, na baada ya miezi ukapungua sumu yake sana. Baada ya bomba la mafuta kuvuja huko Thange, Makueni, mwaka 2015, watu wengi kwa mara ya kwanza walielewa kwamba mto na mashamba navyo huhitaji waganga. Risasi haina bahati hiyo. Ama unaichimba na kuihamishia kwenye shimo lililotandikwa na kupewa leseni, ama unaifunika, ama unaifunga kwa fosfati isitembee. Na ukiichimba, uamuzi mgumu ni wapi pa kuipeleka. Hakuna jirani anayetaka mzigo ule.

Nani hufanya nini

Watu hudhani ni kazi ya mtu mmoja mwenye kofia ya plastiki. La. Mtu wa jiolojia husoma mwamba na maji ya chini. Mhandisi hupiga hesabu za kuchimba, kufunika na kutoa maji. Mkemia yuko maabara, na bila yeye sote ni wapiga ramli. Afisa wa afya ya umma hupima damu za watu na kueleza maana yake. Mpangaji miji huamua kiwanja kirudi kuwa nini. Mwanasheria hujua nani alipe.

Yuko na mtu mmoja ambaye ripoti humtaja mwisho, nami ningemtaja mwanzo: anayekaa na jamii. Huyu ndiye hubisha hodi, akaeleza kwa nini watu waliovaa mavazi meupe kama ya hospitali wanachimba uani, akawasikiliza akina mama, akarudi na matokeo hata yakiwa mabaya. Omido alianza na cheo cha namna hiyo. Kwa kazi hii Kiswahili chako cha nyumbani ni mtaji. Nimekaa katika vikao Pwani ambapo mtaalamu wa kutoka mbali alizungumza saa nzima kwa Kiingereza, kisha bibi mmoja akauliza, "Sasa mwanangu, kisima tunywe au tusinywe?" Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Iko na sababu ya kisayansi ya kutaka wataalamu wanaoijua Pwani. Nairobi tuna udongo mwekundu, udongo mweusi unaonata, na mawe ya volkeno chini yake. Uchafu mwingi hapa hutembea polepole. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo. Mafuta au maji ya choo yakimwagika leo, hayachukui muda kufika kisimani. Vukeni Makupa kuelekea Changamwe na Mikindani, mwamba hubadilika tena, mnakuta tope lililogeuka jiwe la tabakatabaka. Hizo ni ardhi tatu na kila moja ina dawa yake. Ripoti iliyonakiliwa kutoka kiwanja cha Nairobi ikabadilishwa jina la mtaa haifai kitu huko kwetu, na nimeziona ripoti za namna hiyo.

Masomo na vyeti

Aliye shuleni asiache kemia na hisabati. Biolojia au fizikia, mojawapo ikiwa nzuri, na jiografia ni rafiki mwema. Baada ya hapo chagua mlango. Jiolojia husomeshwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo. JKUAT, Juja, ina idara ya uhandisi wa udongo, maji na mazingira. Kenyatta ina masomo ya mazingira. Kwetu Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vyote vina masomo ya mazingira, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa migodi, mlango ambao vijana wetu huupita bila kuubisha. Aliyepata alama za diploma asikate tamaa: KMTC hutoa afya ya mazingira, na fundi mzuri wa maabara au wa kutoboa visima hakosi kazi. Timu nyingi nilizofanya nazo kazi zilikuwa na wenye digrii wa kutosha na mtoboaji mmoja tu aliyejua kusikiliza mashine yake.

Digrii pekee haikuruhusu kutia saini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka ripoti za athari kwa mazingira ziandikwe na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, na njia ya kawaida ni kuanza kama mtaalamu mshiriki chini ya mtaalamu kiongozi, huku ukijiunga na Environment Institute of Kenya. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, mtu wa jiolojia na bodi yake, afisa wa afya ya umma na baraza lake. Usingoje miaka mitano baada ya kuhitimu ndipo uulize habari za usajili, kama nilivyofanya mimi. Ongeza na mafunzo mafupi ya usalama: kuingia kwenye shimo lenye hewa mbovu, huduma ya kwanza, kushika taka hatari. Kozi ya saa 40 ya Marekani ya wafanyakazi wa taka hatari hutambuliwa na kampuni nyingi za kimataifa.

Jifunzeni pia asbesto. Mabati yale ya kijivu yangali juu ya shule, zahanati na nyumba nyingi za serikali nchini. NEMA ilitoa mwongozo wake wa kuyaondoa: yaloweshwe, yasivunjwevunjwe, yafungwe, yasafirishwe na mwenye leseni, yazikwe mahali palipoidhinishwa. Kila mtaa mkongwe ukivunjwa, swali la paa na mabomba litaulizwa, na ni kazi ya kweli inayolipwa.

Mkate uko wapi

Hapa sitawapaka mafuta. Huko Marekani fani hii ilizaliwa kwa sheria. Baada ya kisa cha Love Canal mwaka 1978, watu walipogundua mtaa wao na shule yao vimejengwa juu ya ngoma za kemikali zilizozikwa, Bunge likapitisha sheria ya 1980 ya kumfuata aliyechafua hadi alipe. Kazi maelfu zikazaliwa. London nayo ilijenga uwanja wa Olimpiki wa 2012 juu ya ardhi ya viwanda vya kale huko Stratford. Udongo ulioshwa kwa mashine na sehemu kubwa ikarudishwa palepale.

Sheria zetu si mbaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya 1999 inaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira kwa aliyeyaharibu. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kuirudisha ardhi. Kinachokosekana ni mkono wa kuzitekeleza, kwa hivyo leo mwajiri wako mkubwa huenda asiwe serikali. Ni kampuni ya mafuta inayouza kituo cha petroli na mnunuzi anataka udongo upimwe. Ni benki ya nje inayokopesha mradi kwa masharti yake. Ni kampuni ya ushauri Nairobi inayochukua kazi ya miezi mitatu, kisha kimya miezi miwili. Miaka yangu ya kwanza nililipwa kwa siku, na siku nyingine sikuitwa. Anayetaka mshahara wa tarehe 28 bila wasiwasi atafute kwanza nafasi kaunti, NEMA au bandarini.

Wako na wenye kuangalia Ghuba, nami siwazuii. Kuwait ilichomewa visima vya mafuta zaidi ya 600 mwaka 1991, na Umoja wa Mataifa ukaitengea mabilioni ya dola za fidia ya mazingira kusafisha jangwa lake. Kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Wengi wetu huenda huko kuendesha magari na kulinda milango. Mwenye cheti cha kushika udongo wa mafuta huenda kwa mkataba mwingine kabisa.

Niseme na la hatari. Kazi hii inaweza kukutia sumu unayoitafuta. Mwaka wangu wa pili nilikula mahamri kwenye gari bila kunawa, nimetoka kupima eneo la betri, na msimamizi wetu, ambaye simtaji, alikuwa ameacha maji na sabuni ofisini. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Damu yangu ilipopimwa, daktari akaniuliza kama nayeyusha vyuma. Tangu hapo sigusi chakula kiwanjani, nguo za kazi hazipandi gari la familia, na mke wangu ana haki ya kunirudisha mlangoni. Mara nyingine, katika kiwanja kimoja kilichokuwa gereji, mwenye mradi alitaka tuandike kwamba pako safi kabla ya majibu ya maabara. Vibarua walikuwa tayari wamo ndani ya msingi, maji yenye rangi ya upinde wa mvua yamewafika kifundo cha mguu. Nilikataa, nikapoteza malipo ya kazi ile yote. Muulize mapema bosi wako mtarajiwa atafanya nini siku kama hiyo. Jibu lake litakufaa kuliko kiwango cha mshahara.

Nirudi Pwani, kwa kuwa huko ndiko nataka mpwa wangu afanye kazi. Tunao mfano wa nyumbani ambao dunia nzima huja kuutazama. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la matumbawe meupe, hayaoti hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zikastahimili, na mvinje ndio ulioshika. Tatizo likawa majani yake hayaozi. Akaleta jongoo wekundu, wakayala, wakageuza uchafu wao kuwa udongo. Leo watoto wa shule hulisha twiga pale. Kwa haki, Bamburi hapakuwa na sumu, palikuwa pamekufa tu, na hilo ni jambo jepesi kuliko Owino Uhuru. Ila jongoo wale wananifundisha subira kila mara mteja anapotaka kiwanja chake kipone kwa wiki mbili.

Tazameni sasa foleni ya kazi inayokuja. Kibarani palikuwa jaa la Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kufungwa na kupandwa miti, na jaa lililofunikwa huendelea kutoa gesi na maji machafu, lazima lipimwe. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013 baada ya nusu karne, na sasa huhifadhi mafuta tu. Sisemi kwamba udongo wake una sumu. Nasema ardhi yoyote iliyobeba mafuta muda huo hupimwa kabla ya kugeuzwa kitu kingine. Kwale, uchimbaji wa titani wa Base ulikoma Desemba 2024, na eneo kubwa linatakiwa lirudi kuwa shamba na msitu. Nyongezeni gereji za mitaani, vituo vya mafuta vya kale, na wanaopasua betri nyuma ya nyumba.

Na Owino Uhuru yenyewe. Siku itakapoanza, patahitajika watu wa kupima kila ua kwa miraba, kufagia vumbi la paa na dari, kuwahamisha wakazi kwa muda bila kuwapoteza, kuchimba udongo wa juu, kuleta udongo safi, kupima tena, na kupima damu za watoto miaka kadhaa baadaye. Kazi hizo zote naweza kuzitajia mshahara na cheti. Nikimtafuta kijana wa Mikindani au Jomvu mwenye vyeti hivyo mkononi, nahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Mpwa wangu alikuja Woodley likizo iliyopita. Nilimpeleka kiwanjani, nikampa kazi ya kushika utepe wa kupimia na kuandika nambari za chupa. Jioni alikaa kwenye ngazi akiondoa udongo mwekundu kwenye viatu, akanionyesha daftari. Chupa ya 14 alikuwa ameiandika vizuri, ila alisahau kina. Tulirudi asubuhi tukatoboa upya.